Ubikwitini imegoma kutoka: dalili, chanzo na la kufanya

Umeunga ubikwitini, protini ndogo iliyo mumunyifu sana, mbele ya protini yako, bakteria wa E. coli wameizalisha kwa wingi, nguzo ya nikeli imeishika na kuiachia, jana jioni ukatia kimeng'enya cha kuikata. Asubuhi hii jeli inakuonyesha mambo usiyoyaelewa. Mwongozo huu ni wa asubuhi kama hiyo.

Nitatumia mpangilio ninaoufahamu zaidi: plasmidi (kiduara cha DNA) ya pHUE, iliyotangazwa na watafiti wa Australia mwaka 2004, ambayo huweka histidini sita, asidi amino zinazoshikwa na nikeli, mbele ya ubikwitini, na kikataji chake, USP2-cc, yaani kile kiini kikatacho tu cha kimeng'enya USP2. Kiini hicho kina uzito wa kilodaltoni 40 hivi, na nacho kimefungiwa histidini. Kama unatumia kikataji kingine, mengi ya hapa bado yatakufaa.

Jambo moja lishike tangu mwanzo, maana karibu kila dalili inarudi hapo. Thrombini, au kile kimeng'enya cha virusi vya TEV, hutafuta asidi amino chache zilizopangwa kwa mfuatano fulani, kama mtu anayetafuta neno kwenye ukurasa. Kikataji cha ubikwitini hakisomi herufi. Kinalikumbatia donge zima la ubikwitini, asidi amino 76 zilizojikunja, kisha mkia wake wa mwisho (lusini, ajinini, lusini, ajinini, glaisini, glaisini) unapita kwenye mfereji mwembamba hadi kwenye sisteini, asidi amino ya kikataji inayokata. Kata inatokea baada ya glaisini ya 76 na si kwingine. Kwa hiyo ubikwitini ikifumuka umbo, kikataji ni kipofu. Mkia ukizibwa, hakifiki. Na kinachofuata baada ya glaisini ya 76 hakikisumbui sana, isipokuwa kimoja tu, ambacho tutakifikia.

Kwanza jeli yenyewe

Usianze kubadili bafa wala kuagiza kikataji kipya kabla hujaendesha mifereji minne kwenye jeli moja: protini ya muungano (protini yako ikiwa bado na ubikwitini) bila kikataji, iliyokaa muda uleule na joto lilelile, protini ya muungano pamoja na kikataji, kikataji peke yake, kwa kiasi kilekile, na mwisho protini nyingine ya muungano unayojua hukatika bila shida, pamoja na kikataji. Mimi huweka akiba ya ubikwitini iliyoungwa na GFP, protini inayong'aa kijani, kwa kazi hiyo. Watu wengi hufanya mifereji miwili ya kwanza, wakaona inatosha.

Niliwahi kuona inatosha. Protini niliyokuwa nayo ilikuwa ya kilodaltoni 30, ukijumlisha ubikwitini na histidini zake unapata 40. Nilikata usiku kucha, nikaona protini yangu imetoka, lakini mstari mwembamba umebaki pale kwenye 40. Nikasema haijaisha, nikaongeza kikataji. Mstari ukakolea. Nikaongeza tena, ukakolea zaidi. Karibu wiki nzima nilikuwa nafukuzana na mstari huo, hadi mwenzangu mmoja akaniuliza kikataji chenyewe kina uzito gani. Kumbe kazi ilikwisha tangu usiku wa kwanza, na nilichokuwa nakitazama ni kikataji chenyewe, kila siku kingi kuliko jana. Mfereji wa tatu ungenionyesha hayo kwa saa moja.

Malalamiko mengine ya jeli ni kwamba "protini imetoka lakini ubikwitini siioni". Ubikwitini ni ndogo, kilodaltoni 8.5, au 10 hivi ikiwa na histidini zake. Kwenye jeli ya asilimia 10 hukimbia pamoja na rangi ya mbele na kutoka nje. Tumia jeli ya asilimia 15 au zaidi, au ya trisini, na usiiache rangi ya mbele ifike chini kabisa. Hata ukiishika, rangi ya Coomassie haitaionyesha nzito kama protini kubwa ya idadi ileile ya molekuli, kwa sababu uzito wake kwenye mstari ni mdogo. Usiogope.

Mstari wa juu haupungui kabisa

Tazama mfereji wa nne. Kama ile protini ya akiba nayo haikukatika, basi tatizo ni kikataji au bafa. Kama ilikatika vizuri, ruka hadi sehemu inayofuata.

USP2 ni miongoni mwa vimeng'enya vinavyokata kwa sisteini, na sisteini hiyo ikishapata oksijeni au metali nzito, kazi imekwisha. Wengi hutia DTT, kemikali ya kuilinda sisteini na oksijeni, milimola 1 jioni wakalala wakiamini ipo. Kwenye pH 8.5 na nyuzi 20, nusu ya DTT huisha ndani ya saa moja na nusu hivi. Kwenye pH 7.5 inachukua kama saa 10. Ukiwa na nikeli kidogo iliyodondoka kutoka kwenye nguzo, huisha haraka zaidi, na nikeli hiyohiyo huweza kuiziba sisteini ya kikataji. Kwa hiyo kata kwenye pH 7.5, tia DTT mpya siku ileile (ile iliyoyeyushwa mwezi uliopita ikakaa kwenye friji, imwage), na kama umetoka moja kwa moja kwenye nikeli, tia EDTA nusu milimola hadi moja ikamate metali. TCEP, mlinzi wa aina hiyohiyo, hudumu zaidi, ila si kwenye bafa ya fosfeti. Huko nayo huharibika.

Kisha jiulize ulivunjaje bakteria. Kama kwenye bafa ya kuvunjia kulikuwa na NEM au iodoasetamidi, hizo hujifunga kwenye sisteini moja kwa moja, na mabaki yake yakifika kwenye tyubu ya kukatia, kikataji kinakufa papo hapo. PMSF, kizuizi kingine cha vimeng'enya, ililenga serini, lakini sisteini nazo huwa inazigusa, kwa hiyo nayo iondoe kwa dayalisisi (kuchuja kupitia mfuko wenye matundu madogo sana) kabla ya kukata. Vidonge vya mchanganyiko wa vizuizi soma karatasi yake. Vingi vina kizuizi cha vimeng'enya vya sisteini.

Uhifadhi pia huua. Kikataji kilichogandishwa na kuyeyushwa mara tano hakikati kama cha kwanza, na kwa sisi ambao umeme hukatika Ijumaa usiku ukarudi Jumamosi mchana, hizo mara tano hufika bila mtu kugusa freeza. Gawanya kwenye vitone vidogo tangu siku ya kukisafisha, na vingine viweke kwenye glaiseroli ya asilimia 50 kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Humo havigandi, unachota kwa pipeti na kurudisha.

Ukitaka kujua kama kikataji kiko hai bila jeli, tumia ubikwitini iliyofungiwa AMC, inayong'aa ikikatwa. Mulika kwa nanomita 380, soma kwenye 460. Ni ghali, lakini dakika 10 zinakupa jibu.

Sababu ya mwisho ya sehemu hii ni ya aibu kidogo, ndiyo maana watu huiangalia mwisho: umechukua kikataji kisicho chake. Kwenye masanduku ya maabara kuna tyubu nyingi zenye maandishi ya kukata ubikwitini, na si zote zitakufaa. OTUB1 inataka minyororo ya ubikwitini iliyoungwa kwenye laisini ya 48. OTULIN inataka ubikwitini iliyofuatwa na ubikwitini nyingine, kichwa kwa mkia. Hizo mbili ukiziweka kwenye protini yako zitakaa hadi kesho kutwa. Ulp1 ni ya SUMO, ndugu wa ubikwitini, na hawafanani kiasi cha kubadilishana vikataji. YUH1 ya hamira na UCH-L3 ya binadamu ni za kweli na ni imara, lakini zimeumbwa kukata vipande vidogo: peptidi ya asidi amino 20 au 30 wanaimaliza haraka, ila ukiwapa protini kubwa iliyojikunja, hawaipitishi. Mtu akikuambia "mimi UCH-L3 inanifanyia kazi", muulize anakata kitu cha ukubwa gani.

Protini ya akiba inakatika, yangu haikatiki, au inaishia nusu

Hapa kikataji kimeshaondolewa lawama. Tatizo liko kwenye kiungo, au kwenye hesabu.

Anza na hesabu, ni rahisi. Dozi ya kuanzia ni molekuli 1 ya kikataji kwa 100 za protini ya muungano, saa 1 hadi 2 kwa nyuzi 37, au usiku kucha kwa nyuzi 4. Tatizo ni kwamba watu huibadili kuwa uzito kwa uzito. Protini ya muungano ya kilodaltoni 40, miligramu 1 yake ni nanomoli 25, kwa hiyo unahitaji mikrogramu 10 za kikataji, na kweli uwiano wa uzito unakuwa 1 kwa 100. Lakini ukiwa na peptidi ya kilodaltoni 5, muungano wake ni 15, na miligramu 1 ni nanomoli 67. Unahitaji mikrogramu 27. Ukitumia 10 kwa mazoea umeweka chini ya nusu ya inayotakiwa, halafu unashangaa imeishia njiani.

Hesabu hiyo huharibika pia kwenye kupima. Ubikwitini haina triptofani hata moja, na tairosini inayo moja tu, ile ya 59. Kwenye nanomita 280, ubikwitini tupu ya miligramu 1 kwa mililita inasoma kama 0.17 tu. Ukipima muungano kwa kudhani kwamba 1.0 ni miligramu 1, na protini uliyoiunga nayo ni maskini wa triptofani, unayo protini mara kadhaa kuliko unavyofikiri. Piga kizidisho kutoka kwenye mfuatano wa muungano mzima.

Hesabu zikiwa sawa, soma asidi amino ya kwanza ya protini yako. Je, ni prolini? Mwaka 1986 Bachmair, Finley na Varshavsky waliunga ubikwitini kwenye beta-galaktosidezi ndani ya hamira, wakabadilisha asidi amino inayofuata moja baada ya nyingine. Zote zilikatwa mara tu, isipokuwa prolini. Hii haina dawa ya bafa. Unaweza kuongeza kikataji mara kumi na kusubiri, na utapata kidogo; la maana ni kurudi kwenye praima, vile vipande vya DNA ulivyojengea muungano, na kuweka asidi amino moja kabla ya prolini, kama protini yako inaivumilia. Kama prolini lazima iwe ya kwanza, mimi ningeacha ubikwitini kabisa na kuanza na methionini tu, kwa sababu E. coli wenyewe huiondoa methionini pale inapofuatwa na prolini.

Kama si prolini, soma mfuatano wa DNA kwenye kiungo. Glaisini ya 76 ikigeuka kuwa valini, kikataji hakikati tena. Mabadiliko hayo watu huyafanya kwa makusudi, pale wanapotaka ubikwitini isitoke ndani ya seli. Wewe hukuyataka, lakini herufi moja ya praima inatosha: GGT ni glaisini, GTT ni valini. Nimeona plasmidi iliyopita mikononi mwa wanafunzi watatu ikiwa na kosa hilohilo.

DNA ikiwa safi, basi mkia umefichwa. Hii ndiyo sababu ngumu, na ndiyo inayotoa ile picha ya kuishia nusu: sehemu fulani inakatika ndani ya nusu saa, halafu hakuna kinachosogea hata ukisubiri hadi kesho. Kuna namna mbili. Ya kwanza, protini yako inaanza kujikunja palepale kwenye asidi amino ya kwanza, mkia wa ubikwitini unabanwa, na kikataji hakipati nafasi ya kupitisha kichwa. Ya pili ni mbaya zaidi: protini yako haikujikunja sawasawa, imeshikana katika mafungu, na ubikwitini, ambayo ni mumunyifu sana, inayabeba mafungu hayo majini kama maboya yanavyobeba jarife. Unaona maji yako ni angavu, unadhani mambo ni mazuri. Pitisha kwenye kromatografia ya ukubwa. Ikitoka mwanzo kabisa, pamoja na vitu vikubwa vinavyopita bila kuingia kwenye punje, ni mafungu, na hapo hata ikikatika hutapata cha maana. Rudi kwenye uzalishaji: nyuzi 16 au 18 badala ya 37, na IPTG, kichocheo cha uzalishaji, kidogo.

Kama inatoka mahali pake, basi ni namna ya kwanza. Jaribu yurea nusu mola hadi mola 1. Ubikwitini ni ngumu kufumuka, huvumilia joto linalopika protini nyingi, kwa hiyo yurea hiyo ndogo hulegeza kiungo bila kuharibu umbo ambalo kikataji kinalihitaji. Ongeza pole pole, na kila kiwango kifanye pamoja na protini ya akiba, ujue kama kikataji bado kinapumua. Isipofaa, weka glaisini mbili au serini na glaisini kati ya ubikwitini na protini. Utabaki na asidi amino za ziada, na wapo wasiotaka kabisa kusikia hilo, maana faida yenyewe ya ubikwitini ni kupata mwanzo halisi wa protini. Ni uamuzi wako.

Imekatika kabla sijatia kitu

Uliza kwanza umezalisha wapi. Kama ni kwenye hamira, seli za wadudu, au mchanganyiko wa ngano wa kutengenezea protini bila seli, hakuna kilichoharibika. Ndani ya viumbe hivyo ubikwitini yenyewe huzaliwa ikiwa imeungwa, ama kwa protini za ribosomu ama kwa ubikwitini nyingine mfululizo, na vikataji vipo tayari vikingoja. Muungano wako vimeukata kama vinavyoikata ubikwitini ya seli yenyewe.

Kama ni E. coli, hao hawana mfumo huo, na muungano unatakiwa utoke mzima. Ukikuta umekatika, kuna kimeng'enya cha bakteria kimeingilia, na mara nyingi kimeng'ata ule mkia baada ya ajinini ya 74, kwa kuwa hapo pako wazi na panalegea. Kwenye jeli, kukatwa baada ya 74 na kukatwa baada ya 76 hufanana kabisa. Spektrometa ya tungamo ndiyo husema: protini iliyokatwa baada ya 74 hubaki na glaisini mbili, nayo ni nzito kwa daltoni 114. Tumia BL21, aina ya E. coli ambao hawana Lon wala OmpT, vimeng'enya vinavyokata protini, fanya kazi kwenye barafu, na usiache bakteria waliovunjwa wakisubiri chai.

Hiyo 114 ukiikuta baada ya kutia kikataji, na mfereji wa kwanza ni mzima, angalia kama tyubu uliyochukua si ya Lbpro, kimeng'enya cha virusi vya ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe. Hicho hukata baada ya 74 kwa asili yake.

Imekatika, ikaganda

Maji yamekuwa kama ya mchele. Ubikwitini ilikuwa ndiyo inayoibeba protini, sasa imeondoka. Chukua kitone, zungusha kwenye sentrifuji, endesha jeli ya mashapo na ya maji ya juu, uhakikishe kilichozama ni protini yako na si muungano. Kisha rudia kukata kwa nyuzi 4, protini ikiwa nyepesi zaidi, chumvi milimola 300 na glaiseroli ya asilimia 10. Angalia pia pH: kama bafa yako iko karibu na pH ambayo protini haina chaji, sogea kipimo kimoja juu. Na kama protini yako ina kitu inachokishika, metali au molekuli fulani, kiweke kabla ya kukata, si baada.

Imekatika safi, lakini haitengani

Uzuri wa kufungia histidini ubikwitini na kikataji ni kwamba unarudisha kila kitu kwenye nikeli na protini yako peke yake inapita. Ikipita pamoja na ubikwitini, imidazoli uliyoitolea protini kwenye nikeli mwanzoni bado imo. Kata ndani ya mfuko wa dayalisisi, mambo mawili yaende pamoja. Lakini kama unachokitaka ni peptidi ya kilodaltoni 4, usitumie mfuko wa matundu ya kilodaltoni 3.5: peptidi ilikuwa salama humo ikiwa muungano, na saa ileile inapokatwa inaanza kutoka kwenda kwenye ndoo.

Nguzo ikigeuka kahawia, DTT ndiyo iliyoifikia. Ikiwa nyeupe, ni EDTA imeng'oa nikeli, na hapo hakuna kitakachoshikwa. Vyote viwili vinatakiwa viwe vimetoka kwa dayalisisi kabla ya kurudi, na kama sisteini za protini yako zinahitaji ulinzi, tumia merkaptoethanoli milimola 5 badala yake.

Protini yako ikibaki kwenye nguzo ilhali haina mkia wa histidini, jaribu imidazoli milimola 10 hadi 20. Pengine ina histidini nyingi usoni. Na kama unachofanyia kazi ni protini ambayo kazi yake ni kushika ubikwitini, yenye kipande cha UBA kwa mfano, basi imeng'ang'ania ile uliyotoka kuikata. Mshiko wa namna hiyo kwa ubikwitini moja huwa dhaifu. Ongeza chumvi, pitisha tena kwa maji mengi, kisha imalizie kwenye kromatografia ya ukubwa, ambako ubikwitini itachelewa nyuma yake.